Siku Mama Alipokuwa Suala Lenye Utata

Mimi ni mtu wa hasira, bora niseme mapema mtu asije akashtuka mbele ya safari. Hasira nilizirithi kwa baba, kazi ya ofisini ikazinoa. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kata, huku Ujiji, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa, kwanza kutoka Burundi, halafu kutoka Kongo, na magari meupe ya misaada yakawa mengi barabarani kuliko mbuzi. Nilikuwa na mashine ya chapa, nilikuwa na kiti chenye mto, na nilikuwa na bosi mwenye neno moja.

Neno lenyewe ni utata.

Bosi wangu, yaani mtendaji wa kata, alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Serikali ilimleta kwetu bila kumuuliza, na ndani ya mwezi mmoja akawa ameshaelewa kwamba Ujiji kila mtu ni shemeji wa mtu, na kwamba ukimpa huyu haki leo, kesho unakosa wa kukuuzia samaki. Kwa hiyo hakuwahi kuamua kitu. Watu wakija na ugomvi wao aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema kwa sauti ya mtu aliyeko msibani kwamba suala hili lina utata. Basi, imetoka hiyo. Walalamikaji wanaondoka wameridhika wote wawili, kila mmoja akiamini utata uko upande wa mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa kulipiga chapa neno hilo juu ya karatasi, kisha karatasi kuitumbukiza kwenye boksi. Boksi lilikuwa la kubebea mafuta ya kula ya msaada, na sijui lilifikaje ofisini, hilo nalo lilikuwa na utata wake. Mle ndani kulikuwa na choo kilichochimbwa nusu hatua ndani ya kiwanja cha jirani. Kulikuwa na mbuzi aliyezalia uani kwa watu, na wale watu wakadai vitoto ni vyao kwa sababu ndio waliomwita mkunga. Kulikuwa na mwanamke ambaye mume wake wa kwanza alidhaniwa amekufa Kongo, akaolewa na wa pili, halafu wa kwanza akashuka bandarini Kibirizi siku moja na mkoba wake begani, anaulizia njia ya nyumbani. Bosi aliwasikiliza wote watatu siku nzima. Nilipopiga chapa "ndoa yenye utata", yule mume wa kwanza aliniuliza kama hiyo ina maana alale wapi leo.

Kama miezi sita hivi, neno likatoka ofisini bila ruhusa likaingia mtaani. Watu wetu wana adabu, hawapendi kumwambia mtu kitu usoni, na hapa serikali imewaletea neno la kusitiria kila kitu. Pale Kibirizi ukitaka kujua kama dagaa wameanikwa mchangani, ulimuuliza muuzaji dagaa wako hawana utata? Ugali wa yale mahindi ya njano yaliyokuwa yakitoka kambini uliitwa ugali wa utata, ukaliwa hivyo hivyo. Fundi cherehani wetu alinishonea gauni la Idi mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, nilipomjia juu akaniambia dada, mkono wa kushoto una utata kidogo, ukiinua bega hauonekani. Niliinua bega Idi nzima. Jirani mmoja alituambia binti yake ana utata wa miezi mitano, na kila aliyesikia akaanza kutafuta nguo za mtoto. Na shangazi yangu wa mtaa wa Kasingirima, mumewe akichelewa kurudi, alikuwa akisema ana utata Ilagala. Utata huo tulikuwa tunaujua jina, na watoto wake watatu walikuja kutusalimia kila shule zikifungwa.

Tulicheka sana. Lakini neno hilo hilo lilikuwa na meno.

Vita viliposhika kasi huko ng'ambo, wakaanza kuja maofisa kutaka kujua nani ni wa hapa na nani ametoka upande wa pili. Sasa Ujiji, ukimtafuta mtu asiye na bibi wala babu wa ng'ambo, utamtafuta mpaka soli za viatu ziishe. Maofisa wakawa wanaandika kwa kata, kuuliza habari za mtu fulani, na bosi wangu, kwa kuogopa kumwonea mtu na kwa kuogopa kumtetea, akajibu kwa upole wake ule ule kwamba uraia wake una utata. Yeye aliona amefanya wema. Kumbe barua ikifika huko ilikokwenda, mwenye utata haambiwi ndiyo wala hapana, anaambiwa asubiri. Leseni ya biashara asubiri. Pasipoti asubiri. Wengine walisubiria kambini, mpaka ndugu waje kuwatoa.

Na mimi nilikuwa napiga chapa. Tena kwa mbwembwe. Nilikuwa na kucha nyekundu, na watu wazima waliniamkia "habari za kazi, mama" kabla sijawapa shikamoo yao, na mimi nikaona ni heshima. Mtu akileta karatasi iliyokunjika nilimfokea. Mtu akisema hajui tarehe yake ya kuzaliwa nilimuuliza kwa sauti, watu wote wasikie, kama siku hiyo hakuwepo. Nilijiona mjanja kweli.

Mtaa nao haukulala. Ulikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa ushahidi. Ofisa akisimama barazani kumuulizia mtu yeyote, hata muuza vitumbua aliyehamia juzi, wa karibu yake anajibu papo hapo: "Huyo? Wa hapa hapa. Nilikuwepo alipozaliwa." Haikuwa lazima umpende. Kukataa kumshuhudia jirani kulionekana sawa na kukataa kulishika jeneza lake, na hakuna mtu wa Ujiji anayetaka kusemwa hivyo. Walishuhudiana mpaka ikawa mazoea. Nilimsikia mzee mmoja akimshuhudia mtu aliyekuwa na umri kumzidi, na ofisa akaandika.

Mama yangu alikuwa anauza mawese. Alikuwa mjane, mwembamba, wa maneno machache, kwa sababu maneno yote ya nyumba ile nilikuwa nayasema mimi. Alitaka kitu kimoja tu: kwenda Makka kuhiji kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Alijiwekea miaka na miaka, kopo kwa kopo la mawese, na mwaka ule msikiti wetu ukapata nafasi za kundi. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa baada ya sala, na asiyekuwa amepeleka maombi ya pasipoti mjini kabla ya hapo angesubiri mwaka mwingine. Mama alikuwa akishuka ngazi mbili za mlangoni kwetu kinyumenyume, kwa kushikilia fremu. Mwaka mwingine ulikuwa mbali.

Maombi hayapokelewi bila barua ya kata inayosema umezaliwa wapi. Na jambo la ajabu, mama hakuniambia. Niliambiwa na jirani yetu, bibi mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa na kuwagombeza wote, Jumatatu asubuhi tukiwa bombani. Alisema mama yako ana wiki mbili anaizunguka ofisi yenu, anafika mlangoni, anatazama ndani, anarudi. Nilipandwa na hasira, ndoo nikaiacha pale pale.

Nilimkuta anachuja mawese. Nikamuuliza, mama, mimi si ninakaa mle ndani siku nzima, unaogopa nini? Akasema polepole kwamba kuna karatasi za babu, ziko kwenye kopo juu ya kabati, labda tungezitazama kwanza, na kuna jambo alitaka tuzungumze. Sikumngoja amalize. Nilimwambia kwamba ofisi naijua mimi, yeye aijue sufuria yake. Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo. Mama akasema haya, akaendelea kuchuja.

Ofisini bosi alinipokea vizuri. Alisema kwa kuwa mama hana cheti cha kuzaliwa, kama watu wengi wa umri wake, basi alete mashahidi wawili, watu wazima wanaojua mahali alipozaliwa, waapishwe, mimi nipige chapa, yeye agonge muhuri. Kazi ya nusu saa. Nilivaa viatu vyangu vya kisigino nikatoka kutafuta hao wawili.

Kosa langu lilikuwa kupita mtaa mzima. Nilianza kwa bibi mkunga, akakubali kabla sijamaliza salamu. Ningeongeza mtu mmoja tu nikaishia hapo. Lakini nilipokuwa natoka, mzee mjenzi wa mashua wa nyumba ya pili akaniuliza naenda wapi na haraka hiyo, nikamweleza, akasema kwani yeye si mtu? Nikamwandika. Mkewe akasema na yeye. Anayekaa mkabala akawa amesikia. Kumwacha mtu nje ilikuwa kumtukana, na mimi, niwe mkweli, nilifurahia kuona jinsi mama yangu anavyopendwa. Nilirudi kama mgombea udiwani aliyemaliza kampeni.

Jumanne walikuja saba. Jumatano wakaja saba wengine.

Bibi mkunga aliapa kwamba mama alizaliwa chumbani kwao, mikononi mwa mama mzazi wa mkunga huyo, na yeye mkunga, msichana mdogo wakati huo, ndiye aliyeshika taa. Mjenzi wa mashua aliapa kwamba ilikuwa uani kwao, mvua inanyesha ya kufa mtu, na mama yake yeye mjenzi ndiye aliyechemsha maji. Mchuuzi wa dagaa akasema la, uchungu ulimkamata bibi yangu kule Kibirizi akiwa amekwenda kununua samaki, mtoto akaanguka mchangani, jua kali, hakuna hata wingu. Fundi cherehani naye akaja. Huyo alikuwa mdogo kwa mama kwa miaka kumi, nikamuuliza kwa ukali aliwezaje kuwepo. Akasema hakuwepo kwa mwili, ila alisimuliwa vizuri sana, mpaka harufu ya uji wa mzazi anaikumbuka.

Wa mwisho sikumjua. Alikuwa mtu wa Ilagala aliyekuja kuuza unga wa muhogo, akakuta foleni, akauliza ni ya nini. Alipoambiwa anashuhudiwa mama wa mawese, akasema mama wa mawese ni mteja wake, hawezi kupita. Aliapa kwamba mama alizaliwa Ilagala, karibu na pale mto Malagarasi unapoingia ziwani. Nilimtazama. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba Ujiji haijui vizuri, asingependa kukosea.

Mpaka Jumatano jioni mama yangu alikuwa amezaliwa kwenye nyumba tisa na vijiji vitatu, masika na kiangazi, na mara mbili akiwa pacha.

Bosi alizisoma karatasi zote kumi na nne kwa mpangilio, kisha akazisoma kuanzia mwisho. Aliniambia kwamba tangu aanze kazi ya serikali hajaona mtu aliyezaliwa sana namna ile. Akaagiza wote warudi Alhamisi asubuhi, na mhusika mwenyewe awepo.

Alhamisi ofisi ilijaa. Walikuja wameoga, wanawake na kanga mpya, mjenzi wa mashua na kofia yake ya Ijumaa. Mama alikaa kwenye benchi la karibu na mlango, kopo limefichwa ndani ya kanga, hata sikulitilia maanani. Alikuwa ananitazama. Nilimfanyia ishara kwa mkono kwamba atulie, mambo yako sawa.

Bosi akawaeleza kwa upole kwamba mtu huzaliwa mara moja, kwa hiyo anaomba wakubaliane ni wapi. Ungedhani amewatupia nyama. Bibi mkunga akasema hapana haja ya kukubaliana, wengine wote waondoe maneno yao. Mjenzi wa mashua akamuuliza kama ni hivyo, je, mama yake mzazi alichemsha maji siku ile ya nini, ya kunyonyolea kuku? Mchuuzi wa dagaa akasema Kibirizi kuna watu hadi leo wanaonyesha mahali penyewe. Fundi cherehani alijaribu kuwapatanisha, akasema labda uchungu ulianzia Kibirizi, maji yakachemshwa kwa huyu, mtoto akatoka kwa huyu. Wakamgeukia wote kumwambia yeye hakuwa amezaliwa. Walikuwa hawamtetei tena mama yangu, kila mtu alikuwa anatetea nyumba yake. Mtu wa Ilagala alijibanza kwenye kona, amekumbatia kifuko chake cha unga.

Bosi akaacha wapige kelele mpaka wachoke. Halafu akavua miwani. Akashika pindo la shati.

Neno lile nilikuwa nimelipiga chapa mara nyingi zisizo na idadi, juu ya choo, juu ya mbuzi, juu ya watu, na sijawahi kuliona likija upande wangu. Nilijua linakwenda wapi. Linakwenda ndani ya boksi la mafuta, na mama analifuata, na Ijumaa inapita. Nilitaka kusema kitu. Mimi, niliyekuwa nasema nyumba nzima, nikajikuta natia karatasi mpya kwenye mashine.

Mama akasimama, kwa kushikilia ukuta.

"Bwana mtendaji, hawa wote ni ndugu zangu, na wote wamesema uongo," alisema. "Mimi naomba kwenda kwenye nyumba ya Mungu. Siwezi kwenda nimebeba uongo wa watu kumi na wanne. Nimezaliwa Kalemie."

Kalemie iko ng'ambo. Kalemie ni Kongo. Bosi akaachia pindo la shati.

Akaeleza yote akiwa amesimama vile vile, hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Baba yake alikuwa mtu wa Ujiji, mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza, akiivusha ziwa na kurudi na vitambaa. Mara moja alivuka na mkewe mjamzito, safari ikarefuka, mtoto akazaliwa huko huko. Alipofika siku arobaini walirudi Ujiji, na mama hajavuka tena ziwa tangu hapo. Wakati ule haikuwa siri wala habari. Watu walivuka kwenda kuoa na kurudi, kama anayekwenda Kasingirima. Ng'ambo ikaja kuwa neno baya juzi juzi tu, bunduki zilipoanza.

Bosi akawageukia mashahidi. Akauliza kama walilijua hili.

Wakamtazama bibi mkunga, na bibi mkunga akafunga kanga yake vizuri.

"Tulijua," akasema. "Sisi ndio tuliowapokea pale ufukweni wakirudi."

"Sasa mbona mmeapa?"

"Huyu binti alipita akituuliza kama tutamshuhudia mama yake. Hakutuuliza alizaliwa wapi."

Wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa jinsi sakafu ile ilivyokuwa mbovu ilikuwa karibu kunisikiliza. Watu kumi na watatu, ukimwondoa yule wa Ilagala, walikuwa wanajua kitu kuhusu mama yangu ambacho mimi sikukijua. Walikuwa wameapa uongo, wazee wa watu, kila mmoja kivyake bila kupanga, ili tu asiandikwe vibaya. Niliona haya, nikaona na kitu kingine ambacho sikukipa jina siku ile. Leo nakiita upendo, na nasikitika kwamba nilikichekea kikiwa kwenye foleni.

Mama akafungua kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa za baba yake, za enzi za Mwingereza, zimefungwa kwa uzi, kila moja na jina na kwao alikozaliwa: Ujiji, Ujiji, Ujiji. Hizo ndizo karatasi alizotaka tuzitazame Jumatatu, mimi nikamrudisha kwenye sufuria. Bosi akazipitia moja moja. Akazigeuza nyuma. Akasema kwamba aliyezaliwa ng'ambo na baba wa hapa, mbele ya sheria ni wa hapa, na baba mwenyewe yuko hapa kwenye karatasi, tena kalipa kodi. Halafu akabaki na miwani mkononi, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta hakuna kitu.

"Kumbe halina utata," akasema.

Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliogopa kidogo, nilimwona. Mjenzi wa mashua aliomba iandikwe kwamba hata hivyo maji yalichemshwa, siku ile waliporudi, ya kumwogeshea mtoto, na hilo lilikuwa kweli, hata bibi mkunga hakulipinga. Mtu wa Ilagala akauliza kwa adabu kama bado anahitajika, boti yake ilikuwa inaondoka.

Nilipiga chapa barua. Mahali pa kuzaliwa: Kalemie. Baba: mzaliwa wa Ujiji. Nilikosea mara mbili nikaanza upya, kwa sababu sikuwa naona vizuri. Bosi akatia saini, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Niseme kabisa, msije mkabaki na wasiwasi: maombi yalipokelewa alasiri ile ile, Ijumaa jina lake likasomwa msikitini, na alikwenda na akarudi, na magoti yake yakampeleka kote alikotakiwa kwenda.

Ila mimi ninachokikumbuka ni tulivyorudi nyumbani tukitoka mjini, jua linaanza kupoa. Tulikuwa tunatembea polepole kwa ajili yake. Na kwa kuwa sijui kuona haya kwa muda mrefu bila kugeuza kuwa hasira, nikaanza kumgombeza. Nikamwambia amenidhalilisha mbele ya watu. Mtaa mzima unajua alikozaliwa, hadi mchuuzi wa dagaa, na mimi niliyetoka tumboni mwake ninaambiwa hadharani pamoja na mtu wa Ilagala. Nikamuuliza miaka yote hiyo tumelala nyumba moja, tumekula sahani moja, kwa nini hakuniambia?

Mama akasimama kupumzisha goti.

"Nilikuwa nakuogopa," akasema.

Nikacheka, nikadhani ni utani wa mchovu. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kama wale watu walivyokuwa wakinitazama kutoka upande wa pili wa meza, na macho yake yakashuka kwenye mikono yangu.

"Wale wengine wanajua tu, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye unayeandika."

Akaanza tena kutembea, hatua zake zile ndogo. Mimi nilibaki katikati ya barabara ya Ujiji nalia kwa sauti, na kila aliyepita alinipa pole, akidhani nimefiwa.